Kunyanyua tairi la mbele kwa R6: nianzie wapi bila kuua mashine wala kujiua mwenyewe?

mtoto_wa_tegeta

Wakuu heshima zenu, niende moja kwa moja. Mwezi wa tatu nilifanikiwa kuvuta chuma, Yamaha R6 ya 2008, mkono wa pili (wa tatu tukisema ukweli maana aliyeniuzia na yeye aliinunua kwa mtu). Kabla ya hapo nimepiga Boxer miaka mitano, kwa hiyo pikipiki si mgeni nayo, ila hii ni mnyama mwingine kabisa yani ukiigusa tu inakuuliza una uhakika.

Sasa kuna jamaa huwa tunatoka nao jumapili alfajiri, tunaenda Bagamoyo tunakunywa supu tunarudi. Wawili kati yao wananyanyua. Jamaa anakupita pembeni tairi la mbele liko juu limekaa hewani, ye katulia kama yuko kwenye kochi kwake anaangalia mpira. Mi roho inaniuma jamani nisiwe mnafiki.

Nimejaribu mara mbili tu. Ya kwanza niliweka gia namba moja nikavuta mafuta mpaka mshale wa mzunguko wa injini ukafika elfu kumi hivi, mbele ikawa nyepesi lakini haikunyanyuka, kuja kuangalia mita niko 90 na barabara inaisha. Ya pili nikafanya kama wanavofanya kwenye video, nikakaba klachi kidogo nikaachia. Eeh bwana ilipanda kama shubiri mbili hivi kwa mpigo, roho ikahama, nikafunga mafuta yote, ikashuka puu na usukani ukapiga kushoto kulia mara tatu nne ndo ukatulia. Nikaenda kupaki chini ya mwembe nikakaa dakika kumi naangalia magoti yanavyocheza.

Maswali yangu: ni klachi au ni mafuta tu? Injini inakufa kweli kama watu wanavyosema? Na kwa Dar hapa mtu anafanyia wapi mazoezi? Naomba msiniambie niache maana hiyo mama watoto ameshaniambia.

bwana_kasa

Mkuu kabla hujaendelea acha hapa namba ya ndugu wa karibu. Ikiwezekana ya shemeji.

fundi_wa_sakina

Mi ni fundi huku Arusha, nijibu hilo la injini maana la kuanguka watakuja wengine wenye uzoefu wa kutosha.

Injini yako ni pistoni nne zimepangwa mstari, oili inakaa chini kwenye sampo na pampu inainyonya kutoka sehemu moja tu ya hiyo sampo. Ukiisimamisha chuma, oili yote inakimbilia nyuma kama chai kwenye kikombe ulichokiinamisha, mdomo wa pampu unabaki mkavu unanyonya hewa. Sasa elewa kwamba beringi za kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, hazikanyagani chuma kwa chuma, zinaelea juu ya utando mwembamba sana wa oili inayosukumwa na hiyo pampu. Kwenye mzunguko elfu kumi kranki inazunguka zaidi ya mara 160 kwa sekunde moja, kwa hiyo sekunde tatu za ukavu si sekunde tatu kama unavyozihesabu wewe. Haifi siku hiyo. Inakwanguka kidogo leo, kidogo jumapili ijayo, siku moja uko barabarani kawaida kabisa hata hujanyanyua unasikia ko ko ko ko, imenoki, unaniletea kwa kirikuu halafu unaniambia fundi sijui imekuwaje nilikuwa naendesha taratibu tu.

Ila nisikutishe zaidi ya inavyostahili. Kunyanyua kidogo na kwa muda mfupi, oili ikiwa imejaa kwenye kipimo chake, haijaua injini ya mtu. Kinachoua ni wale wanaoisimamisha wima wanaenda nayo mbali huku oili iko chini ya alama ya chini. Taa ya oili ikiwaka tu ukiwa juu, shuka.

Klachi hiyo itakwisha, usiumize kichwa. Pleti zinaungua kila unapoiachia kihuni, utasikia harufu kama ya kucha iliyochomwa. Cheni itavutika na spoketi itachongoka. Lakini vitu viwili ambavyo wengi hawaviangalii ni vya mbele. Moja ni oilsili za shokapu, zile raba zinazozuia oili isitoke, ikishuka kwa kishindo kama ulivyosema wewe zinaanza kutema oili, na hiyo oili inateremka taratibu mpaka kwenye kalipa (inayobana pedi) na diski ya breki ya mbele, sasa fikiria unakuja kuhitaji breki. Mbili ni beringi za usukani. Kila kishindo kinachimba vishimo vidogo kwenye njia ya zile gololi. Inyanyue mbele kwa stendi, zungusha usukani polepole kwa vidole viwili tu, kama pale katikati unasikia kama kuna kituo, yani unanasa kidogo kabla haujavuka, hizo zimeondoka. Kwa kile kishindo chako mi ningeangalia leo, nisingesubiri kesho.

nduthi_ya_rongai

Wasee, mimi sasa ni wale wa kuanguka wenye fundi amesema watakuja 😂

Nilikuwa na CBR600RR, hii ni 2019, Southern Bypass hapa Nairobi, jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi hakuna magari. Wakati huo nilikuwa nimeshajua kunyanyua, ama nilidhani nimejua, nilikuwa nafanya kama miezi minne. Gia ya pili, klachi, inapanda vizuri, nashuka vizuri, wasee wanapiga honi nyuma. Hiyo siku ikapanda kuliko kawaida. Kuna mahali ukifika pikipiki inakuwa nyepesi kabisa, haikuvuti haikusukumi, unaweza kuishikilia kwa vidole, hiyo ndio watu wanatafuta. Mimi nilipita hapo kwa nusu sekunde.

Sasa kitu chenye hakuna mtu aliniambia, na nataka wewe bro usikie poa. Ukianza kwenda nyuma, mwili wako wenyewe unashika usukani kwa nguvu ndio usianguke, na ule mkono wa kulia wenye unakushikilia ndio huo huo umeshika mafuta. Kwa hivyo ukijivuta unaongeza mafuta. Ukiongeza mafuta inapanda zaidi. Hiyo si ujinga, hiyo ni mwili unafanya, hata ukiwa na akili namna gani haufikirii hapo. Kitu pekee inaweza kukutoa ni mguu wa kulia uwe tayari juu ya breki ya nyuma. Na mimi mguu wangu ulikuwa umekaa kwa kikanyagio vidole vimeangalia nje kama bata.

Nilianguka na kitako, halafu mgongo, halafu nikateleza nikiangalia mbingu. Nduthi iliendelea peke yake kama mita hamsini ikiwa wima, kama haina shida na mtu, ikaenda ikalala kwa ile chuma ya pembeni. Nilivunjika kifupa cha mkia na mkono wa kushoto. Wiki sita nalala na tumbo. Kukaa chooni ilikuwa ni mradi, wacha tu. Na nilikuwa na jaketi na boots na helmeti poa, bila hizo nadhani hungekuwa unasoma hii.

Bado naendesha. Nanyanyua pia, mara moja moja, kidogo tu, lakini mguu hautoki kwa breki. Mama yangu hajui hiyo sehemu.

simba_wa_elfu_moja

Mnamtisha kijana bure. Mi nina R1, nanyanyua gia ya tatu kwa mafuta tu klachi sigusi, mwaka wa pili huu sijawahi kuanguka. Dogo wewe vuta mafuta bila woga, woga ndo unaangusha watu. Ukifunga mafuta ghafla kama ulivyofanya ndo unaharibu. Komaa.

mswahili_wa_leicester

Simba hapo kwenye kufunga mafuta ghafla uko sahihi, kwingine kote unampoteza mwenzio. R1 ni karibu cc 1000, ina nguvu ya kuinyanyua mbele kutoka chini. R6 ni 599, nguvu yake yote iko juu kabisa ya mshale, ndo maana jamaa amevuta mpaka 90 kwa saa na haijanyanyuka. Aendelee kuvuta "bila woga" kama unavyomwambia, itakuja kunyanyuka akiwa na spidi ya basi la mkoani na bado yuko gia ya kwanza. Halafu R1 yako ya mwaka gani? Kama ni kuanzia 2015 zile zina kompyuta inayopima mbele imeinuka kiasi gani na kupunguza nguvu yenyewe, labda hujawahi kuanguka kwa sababu kuna mtu mwingine anaendesha na wewe humjui.

Mtoto wa Tegeta nikwambie nilivyojifunza mimi. Huku Uingereza kunyanyua barabarani ni kesi, unaweza kushtakiwa kwa kuendesha kwa hatari na leseni ikaenda, kwa hiyo kuna shule kabisa zinafundisha wili, yani huku kunyanyua, wanakodi viwanja vya ndege vya zamani, lami ndefu, hakuna gari hakuna mbuzi. Nililipa hela ya maana nikaenda siku moja. Pikipiki zao zimefungwa kifaa ambacho ukipitisha kiasi walichokiweka kinakata moto kwenye plagi, inashuka. Kwa hiyo kupinduka ni vigumu sana.

Nilifika pale najua natoka saa tano nimeshakuwa nyota. Saa nzima ya kwanza hatukunyanyua kitu. Nimeendesha gia ya pili mwendo wa baiskeli huku mguu wa kulia uko juu ya breki ya nyuma, mwalimu anapiga filimbi natakiwa kuigusa, si kuikanyaga, kuigusa. Nenda, gusa, nenda, gusa. Watu wazima kumi tunazunguka kama watoto wa chekechea. Nikamuuliza mwalimu hivi hii ndo nimelipia? Akanijibu kunyanyua hata pikipiki yenyewe inajua, kinachofundishwa hapa ni kushusha.

Na ndivyo ilivyo. Ukiwa juu, tairi la nyuma likipunguzwa kasi kidogo tu, mwili mzima wa pikipiki unazunguka kurudi mbele, pua inashuka yenyewe. Inashuka hata kama mafuta bado umeyashika. Ndo maana huyo ndugu wa Rongai anakwambia mguu, maana mkono wakati huo haukusikilizi. Baadae tukaanza kunyanyua, sentimita kumi, gusa breki. Kumi tena, gusa. Mpaka mguu ukawa unafanya kabla sijawaza. Jioni ndo nikapata ile ya maana mara moja, kama sekunde nne, nikashuka nalia ndani ya helmeti kwa furaha na sioni aibu kusema.

Kuhusu klachi au mafuta: kwa 600 ni klachi, gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa chini, unaipa resi kidogo unakaba klachi kwa kidole kimoja viwili na kuiachia laini, si kuifyatua. Ikianza kupanda unapunguza mafuta taratibu, hufungi. Ukifunga inadondoka, na ikidondoka usukani ukiwa umepinda hata kidogo, tairi linagusa lami likiangalia kando wakati pikipiki inaenda mbele, ndo huko kutikisika ulikokuona. Umepona kwa bahati, wengine usukani haukutulia.

Ila usianzie kwenye R6. Hilo ndo langu kubwa. Tafuta Boxer au Pulsar. Ni nyepesi, haina nguvu za kukushtukiza, ukianguka unaanguka na mwendo wa miguu, na ukivunja kioo unanunua kioo. R6 na mafuta ndani ni karibu kilo 190 na feringi zake, yale makava ya plastiki, ni mshahara wa mtu. Ufundi ni ule ule. Na usinambie Boxer ni ya boda tu, Mjapani Yasuyuki Kudo 1991 aliweka rekodi ya wakati huo ya kwenda mbali kwa tairi la nyuma bila kushusha, kilomita 331, alikuwa na Honda TLM220R, hata cc 220 hazijatimia. Kilomita 331 ni Dar hadi Morogoro unapita unaendelea mbele huko.

simba_wa_elfu_moja

Na yule aliyepiga 307 kwa saa kwa tairi moja alikuwa na Boxer pia? Acheni hizo.

mswahili_wa_leicester

Yule ni Patrik Fürstenhoff, Msweden, 1999, Honda Super Blackbird, na hakufanyia Barabara ya Bagamoyo. Alifanyia Bruntingthorpe, kiwanja cha majaribio, si mbali na hapa ninapokaa. Lami imefungwa, watu wa vipimo wapo, ambulansi ipo. Wewe ambulansi yako jumapili iko wapi?

bwana_kasa

Ambulansi yake ni bajaji.

dada_wa_wodi

Samahani kaka zangu nimeingia kwenye uzi usio wangu, mimi pikipiki hata kupanda nyuma naogopa. Mume wangu anapenda hizi mambo ndo maana nasoma. Ila nafanya kazi wodi ya mifupa, nimeshawapokea wengi, niseme kidogo kwa huyu mdogo wangu maana ameomba asiambiwe aache na mimi simwambii.

Waliopinduka kwa nyuma nawajua hata kabla sijasoma karatasi. Ni mkia, ni uti wa mgongo huku chini, ni viganja maana mtu anatanguliza mikono. Waliodondokea mbele au usukani uliwakataa ni mtulinga na bega, na meno. Mtulinga mtu anafungwa anakaa wiki kadhaa anarudi nyumbani. Uti wa mgongo ni kitu kingine. Kijana anakuuliza sista mbona siisikii miguu, na wewe unajua, na mama yake amekaa hapo na chupa ya uji.

Kwa hiyo kama utafanya, fanya umevaa. Helmeti ya kufunika uso wote yenye stika ya ECE (alama kwamba imepimwa usalama) ya ukweli na UFUNGE mkanda, naletewa watu helmeti imekuja mzima na kichwa kimekuja kivyake, ilitoka kabla hajafika chini. Kinga ya mgongo, ile kama gamba la kobe, mume wangu anayo imeandikwa EN 1621-2, ndiyo hiyo hiyo mtafute. Glavu. Viatu vinavyopita kifundo. Mwezi huu tu nimemhudumia mmoja alikuwa na pikipiki kubwa ya mamilioni na ndala.

Na kingine, hogo unalofungwa wewe ni la kwako ulilitafuta. Tunaye mzee alikuwa anavuka barabara na jembe lake.

mtoto_wa_tegeta

Dada asante sana. Hilo la uji limenikaa. Mgongo sina, helmeti ninayo ila ni ile niliyopewa na pikipiki, ntabadilisha.

Wakuu vipi kuhusu sehemu?

kigamboni_ndo_nyumbani

Barabara kuu futa. Kwanza trafiki hahitaji kutafuta kifungu cha wili, kuendesha kwa hatari kupo kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 na kunamtosha kabisa, pili jumapili asubuhi ndo watu wanatembea kanisani na watoto. Sisi huku Kigamboni tulikuwa na eneo la viwanja vilivyopimwa havijajengwa, barabara zimechongwa tu, kifusi. Kwa Boxer kifusi kigumu kinafaa kabisa wala usitafute lami. Ongea na mwenyekiti wa mtaa kwanza msije mkaitiwa wezi. Nenda na mtu wa pili, awe na gari au bajaji karibu, asiwe amekuja kupiga video tu.

Na usisahau bima. Wengi wetu tuna ile ndogo, haikulipi wewe wala chuma yako. Hata hiyo kubwa soma masharti, michezo na mashindano huwa wameitoa.

mtoto_wa_tegeta

Sawa nimewaelewa. Nina mtoto wa mama mdogo ana Boxer anaendesha boda, ntamkodisha jumamosi nimlipe hesabu ya siku. Narudi na mrejesho.

mtoto_wa_tegeta

MREJESHO

Wakuu siku kumi zimepita, nina habari mbili na zote sijui nizipange vipi.

Kabla ya jumamosi nikasema acha nianze na lile zoezi la Leicester kwa R6 yenyewe, la kugusa breki ya nyuma tu bila kunyanyua, nijizoeshe mguu. Nikaenda barabara ya ndani huku nyuma ya nyumbani, gia ya pili, polepole. Nikagusa. Hamna kitu. Nikagusa zaidi. Hamna. Nikaikanyaga, ikashuka mpaka mwisho laini kama nakanyaga mkate, pikipiki inaenda tu.

Wakuu R6 YANGU HAINA BREKI YA NYUMA. Miezi mitatu nimeendesha Bagamoyo naenda narudi sijui, kwa sababu tangu nimeinunua natumia ya mkono tu, ile ya mbele ina nguvu kiasi kwamba mguu sikuwahi kuukumbuka. Nikampigia aliyeniuzia. Ananijibu bila wasiwasi kabisa, aah hiyo mi sikuwahi kuitumia kaka, hizi mashine breki ni mbele tu. Fundi wa huku kaifungua, pedi zimebaki chuma kitupu, maji ya breki yamekuwa meusi kama soda, na kuna hewa kwenye mpira.

Kwa hiyo siku ile niliyonyanyua shubiri mbili nikaogopa, tuseme ingepanda kama ya ndugu wa Rongai. Hata ningekuwa na mguu pale juu kama mwalimu. Nimelifikiria hili usiku sikulala vizuri.

Ya pili ni jumamosi. Boxer nimeikodi, tukaenda na kaka yake bwana mdogo kwenye viwanja huko ndani ndani. Saa nzima nagusa breki, wananicheka, mtoto mmoja wa jirani akauliza mbona anko hajui kuendesha. Halafu nikaanza. Boxer haina haraka, unaachia klachi unajivuta nyuma kidogo inapanda kama inapiga miayo. Gusa, inashuka. Gusa, inashuka. Mara ya ishirini na kitu hivi nikazidisha, ikaja juu kweli, nikaona anga, na kabla sijajua mguu ukawa umeshafanya ikarudi chini taratibu kama lifti. Nilipiga kelele mpaka yule mtoto akakimbia.

Nimeanguka mara moja, pembeni, mwendo wa kutembea. Indiketa ya kushoto imevunjika, nimelipa.

nduthi_ya_rongai

Weee. Manze ungepinduka hiyo jumapili na ungelaumu mguu wako maisha yote, kumbe mguu haukuwa na kazi. Umenifanya niende kwa parking saa hii kuangalia yangu na nimevaa pajama.

Yangu iko. Asante Mungu.

fundi_wa_sakina

Usiweke pedi tu. Mtoe maji yote ya zamani muweke DOT 4 mpya, mtoe hewa kuanzia kwenye kalipa mpaka pedali iwe ngumu, na kama mpira ni ule ule wa 2008 ubadilishe. Pedali uishushe kidogo iendane na urefu wa kiatu chako, ukiwa juu kifundo hakikunji kama ukiwa umekaa kawaida.

Na ile kazi niliyokwambia ya usukani na oilsili umefanya?

simba_wa_elfu_moja

Dah. Sawa. Mi pia nimeenda kuangalia yangu.

bwana_kasa

Na imekuwaje Simba?

simba_wa_elfu_moja

Iko. Laini kidogo lakini iko. Sitaki maswali.

mtoto_wa_tegeta

Fundi, usukani uko safi hauna kituo. Oilsili ya kushoto ndo inalia, nimepangusa asubuhi jioni kuna alama ya oili tena kwenye bomba. Kwa hiyo chuma iko chini kwanza, jumapili naenda Bagamoyo nyuma ya gari la mtu kama abiria. Kariakoo nimezunguka maduka manne wanasema mpaka waagize. Mwenye oilsili za mbele za R6 2008, au anayejua za pikipiki gani nyingine zinaingia pale, aje inboksi. Bwana Kasa namba ya shemeji yangu bado siitoi.